Karibu Kitai, Gharama ni Zangu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umetoka Kitai, swali lake la kwanza ni: "Umetoka lini?" Gereza letu limesikika nchi nzima, na sisi raia wema tunaoishi jirani nalo tumezoea kutazamwa mikono kama bado ina alama za pingu. Wachache wanaotujua kwa jambo jingine wanatujua kwa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, au kwa ile njia inayochepuka hapa kwenda Lituhi na bandari ya Ndumbi. Nimeishi miaka yote nikiamini kwamba mtu huja Kitai kwa amri ya hakimu, kwa uhamisho wa serikali au kwa kuharibikiwa na gari.

Sasa kuna mtu anaishi Ujerumani, ana kazi nzuri, ana likizo ya kulipwa, na fedha zake amezipeleka kwenye nauli ya kuja kulala nyumbani kwangu. Nina malalamiko.

Mtu mwenyewe ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyelelewa na mama yangu tangu hajaota meno. Alipofika huko akasoma uuguzi, akaajiriwa, akaoa Mjerumani, na mwisho akachukua uraia wao. Kwa kuwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haitaki mtu mzima awe na pasipoti mbili, siku aliyoapa kule alitoka huku. Kwa hiyo kuja kwao analipa viza ya dola 50 na anapewa siku 90, sawasawa na mtalii anayekwenda kuwatazama nyumbu. Kitovu chake kimezikwa nyuma ya jiko letu, lakini fomu ya viza ilimtaka amtaje mtu anayemfahamu Tanzania.

Akanitaja mimi. Jina, simu na anwani.

Anwani ndiyo iliyonipa kazi. Ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa, ilitupatia namba za nyumba na majina ya barabara. Namba yangu ninayo, ipo juu ya mlango. Jina la barabara lilikuwa kwenye kibao pale njia panda, mpaka mbuzi wa jirani walipogundua kwamba kibao hicho kinafaa kujikunia mgongo. Nilizunguka nusu ya kijiji nikiuliza mtaa wangu mwenyewe unaitwaje. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa upole, jinsi tunavyowajibu walevi.

Viza ikatoka, yake na za mkewe na mtoto wao. Ukoo ukakaa kikao, na kikao cha ukoo kina sifa moja: hoja wanatoa wote, utekelezaji anapewa mmoja. Iliamuliwa kwamba nyumba ipakwe rangi. Iliamuliwa kwamba magodoro ya zamani ni aibu. Iliamuliwa kwamba vyandarua vyenye matundu vitatutangaza vibaya Ulaya. Baba mkubwa mmoja, ambaye kwake bado anafunga mlango kwa kipande cha mpira, alisema kwa uchungu kwamba heshima ya ukoo haina bei. Bei ilikuwepo. Niliikopa kwenye kikundi chetu cha VICOBA. Katibu aliponiuliza lengo la mkopo nikasema ni ufugaji, akaandika. Hakuuliza ninafuga nini.

Hoja ya choo ilitoka kwa mke wangu. Alisema mwanamke wa Kizungu hawezi kuchuchumaa, magoti yao hayajazoea. Fundi akaitwa kutoka Mbinga, akaja amepakatwa na bodaboda, na yeye amekipakata choo cha kukaa, cheupe, kinang'aa, bila hata kukifunika. Barabara nzima kutoka stendi mpaka kwangu ilikishuhudia. Jioni hiyo nilisalimiwa na watu ambao kwa kawaida hujifanya hawanioni. Bomba la maji ndani hatuna, kwa hiyo heshima hiyo ilimwagiwa ndoo nzima kila ilipotumika.

Shemeji alipofika alikiangalia, akasifia rangi yake, kisha akatueleza kwamba kwao siku hizi watu wananunua vigoda vya kuwekea miguu chooni ili wakae kama wanachuchumaa, maana wataalamu wanasema ndivyo tumbo linavyotaka. Akauliza kile choo cha zamani kiko wapi. Akakitumia mpaka siku ya kuondoka, na akamsifia mke wangu kwa kuhifadhi afya ya familia. Mama naye amekikataa kile kipya. Anasema kiti ni kiti, na yeye hawezi kufanya mambo hayo akiwa amekaa kama yuko ibadani. Kwa hiyo nina deni la VICOBA na kiti cheupe ambacho wateja wake ni watoto wanaojificha wasitumwe dukani.

Tukaja kwenye chakula. Siku ya kwanza mama aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachemsha magimbi, akakaanga mayai, akaweka chai ya maziwa. Mdogo wangu akaamka, akasalimia, akaomba maji ya moto matupu. Siku hizi, alisema, haweki kitu kinywani mpaka saa sita mchana, na ikifika saa mbili usiku anafunga mdomo tena. Dini haikumwambia, daktari hakumwambia. Simu yake ndiyo iliyomwambia, na ina kengele kabisa. Mama alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza anafunga kwa nia gani, maana Kwaresima imepita na Majilio hayajafika. Alipoelezwa kwamba anapunguza mwili, aliondoka kimya kwenda jikoni. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani kwamba mtoto anaumwa, ila Wazungu wamemkataza asiseme.

Msidhani yale magimbi yalibaki. Kuna tabaka la watu ambalo serikali haijalihesabu kwenye sensa yoyote: wageni wa mgeni. Hawa hawaji kwako. Wanakuja kwa mgeni wako, lakini wanakalia viti vyako. Wanafika asubuhi, wakati mgeni amefunga na mezani pamejaa, na wanamwonea huruma kwa vitendo. Mzee mmoja alileta jogoo wa zawadi, jambo la kiungwana kabisa, ila alifuatana na wajukuu wanne, na mpaka wanaaga walikuwa wamekula majogoo wawili. Sukari ilikuwa inaingia ndani ya nyumba ile kwa kilo na kutoka kwa vikombe. Mwenye duka alianza kuniita bosi. Mtu akianza kuitwa bosi dukani, ajue daftari la madeni limefunguliwa ukurasa mpya.

Shemeji yeye aliomba kahawa. Ombi la haki, maana alikuwa amesoma kwamba Mbinga ni nchi ya kahawa, na mwezi wa saba ndio wakati wenyewe wa mavuno: kila kona ya Umatengo watu wanachuma, wanamenya, wanaanika. Nilimletea kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa Bukoba. Aliligeuza kopo, akasoma, akaniangalia. Nikamweleza kwamba kahawa ya Mbinga sisi tunailima, tunaichuma, inakobolewa pale mjini, inakwenda mnadani, halafu hatujui tena habari zake. Nyumbani tunakunywa majani ya chai kutoka Mufindi. Akasema yeye habari zake anazijua. Dukani kwao wanauza kahawa ya Tanzania, ndiyo anayokunywa kila siku. Basi tukakaa pale barazani, mimi mwana wa Mbinga nikielezwa ladha ya kahawa ya Mbinga na mtu aliyetoka Ujerumani. Kaka zangu, kuna dharau ambazo hata huwezi kumshitaki mtu.

Najua kuna msomaji anasubiri kunikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ahsante. Methali hiyo aliyeitunga hakuwa mtu wa Ruvuma, au mgeni wake hakuja mwezi wa saba. Mwezi wa saba jembe limelala juu ya dari. Ardhi ni kavu, mahindi yameshakatwa, kilichobaki ni kupukuchua. Nilimpa mdogo wangu gunia la mahindi ya kupukuchua. Akaanza vizuri, akaona malengelenge, akafungua simu akanionyesha mashine nzuri sana ya kupukuchulia inayouzwa kule. Akaniuliza kwa nini sinunui. Nilimjibu kwamba fedha yote ipo chooni.

Simu hiyo nayo ina kesi yake. Kwao intaneti inatoka ukutani, haina mwisho, na mtu hajui inalipiwa lini. Kitai intaneti inaitwa bando, inanunuliwa kwa siku au kwa wiki, na mwenye bando akilala anaota linaisha. Mtoto wao, ambaye aliniita baba mkubwa kwa lafudhi iliyonilegeza kabisa, aliniomba "waifai", nami kwa ujinga wa mapenzi nikamfungulia ya simu yangu. Alitazama katuni moja. Moja tu. Bando la wiki likanitumia ujumbe wa kuniaga kabla yule sungura hajafika nyumbani kwao. Umeme vilevile: mashine ya kukausha nywele, birika la maji moto, chaja za vifaa ambavyo vingine sikujua vinafanya nini. Mita ya Luku ilikuwa inalia usiku, na mimi tu ndiye niliyekuwa nikiamka kuibembeleza.

Mtauliza: mgeni hakuwa na fedha? Alikuwa nazo, na si mchoyo hata kidogo. Tatizo zilikuwa ndani ya kadi. Kitai kadi tunazozijua ni ya chama, ya kliniki na ya mchango wa harusi. Kila tulipofika mahali pa kulipa aliitoa kadi yake kwa moyo mweupe, muuzaji akaitazama, akanitazama mimi. Mdogo wangu alikuwa akisema, "Kaka, niandikie, nitakulipa yote kwa pamoja." Niliandika. Ila mila zetu hizi ni gereza la pili la Kitai: ukishaandika, unamwonyeshaje? Mtu uliyemnunulia sare ya darasa la kwanza utamkabidhi bili ya nyanya?

Kilele cha gharama kilikuwa Mbamba Bay. Watoto wa Ulaya hawawezi kurudi kwao bila kuliona Ziwa Nyasa, hoja iliyopitishwa na kikao kilekile cha ukoo, na wajumbe wanane wakajitolea kusindikiza. Nikakodi Noah. Lami kutoka Mbinga kushuka ziwani ni nzuri, hilo sibishi, lakini ni kona juu ya kona, na kila kona ilikuwa na kilima chenye mashimo ya ngolo, na kila ngolo ilihitaji picha. Shemeji alitaka kujua jinsi Wamatengo wanavyopanga majani kwa miraba na kuyafukia mpaka kilima kizima kikawa na vishimo vinavyoshika maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke. Baba mkubwa alimweleza vizuri sana, huku injini inanguruma na mafuta yangu yanapaa angani.

Ziwani kukatokea jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Shemeji aliinama kwenye mawe, akatazama majini, akapiga ukelele wa furaha. Kule chini walikuwa wanapita vile vijisamaki vya bluu na vya njano vinavyokaa mawenimaweni, ambavyo ng'ambo ya Malawi wanaviita mbuna. "Hawa ninao nyumbani!" akasema. Anao kweli: tangi la kioo sebuleni, limewekwa mawe, taa, na kifaa cha kupasha maji wasipate baridi. Ziwa letu lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na Wajerumani wengi ni mabingwa wa kufuga hawa wadogo wa mapambo. Aliwanunua kwa euro kadhaa kila mmoja. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa anashona wavu, alivitazama vile vijisamaki, akamtazama shemeji, akauliza, "Na wanashibisha?"

Nilikaa juu ya jiwe nikapiga hesabu. Samaki wa Nyasa anaishi Ujerumani, analishwa kwa saa, anapashiwa maji. Wengi wao siku hizi wanazaliwa huko huko, yaani wana uraia wa kuzaliwa. Kahawa ya Mbinga iko kabatini kwa shemeji. Makaa ya mawe ya Ruvuma, bei zilipopanda mwaka 2022 kwa sababu ya vita ya Ukraine, yalipita mlangoni kwangu kwa malori, yakapakiwa melini Mtwara na mengine yakafika Ulaya. Wala hakuna jiwe hata moja lililoulizwa litarudi lini. Kila kitu cha mkoa huu kimeshatembea isipokuwa mwenyeji.

Shemeji akateleza kidogo: akaliita Ziwa Malawi, kwa kuwa ndivyo lilivyoandikwa dukani aliponunua samaki. Yule mzee aliweka wavu chini. Kwa utaratibu, bila hasira, alimkumbusha kwamba mgogoro huu wote umetoka kwao: mwezi Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walikaa Berlin wakasaini mkataba, mpaka ukachorwa kwenye ufuko wa upande wetu, na mpaka leo Malawi inaushikilia mstari huo wakati sisi tunasema mpaka ni katikati ya maji. "Ni nyie mlioandika," alimwambia. Shemeji akaomba radhi kwa niaba ya taifa lake. Mzee akaipokea, kwa sharti kwamba anunue mbasa wawili. Kadi ikatolewa. Mzee akaitazama, akanitazama mimi. Kwa hiyo fidia ya mkataba wa 1890 nimeilipa mimi, mkazi wa Kitai, kwa fedha taslimu.

Mzee alipoona tunanunua akaongeza hadithi bure. Kule Liuli, enzi hizo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen kwa ajili ya ule mwamba wake, nahodha wao Berndt alikuwa na meli yao ya Hermann von Wissmann, na Mwingereza Rhoades alikuwa na meli ya Gwendolen. Wawili hao walikuwa marafiki wa chupa, wakitembeleana. Agosti 1914 Rhoades akapata habari kwamba vita imeanza. Berndt alikuwa hajaambiwa, na meli yake ilikuwa nchi kavu inatengenezwa. Rhoades akaja akaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alipiga makasia mpaka kwa mwenzake, amefura, kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka palepale. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Niliona tu jinsi ambavyo mwambao huu umekuwa ukiteseka na wageni wasiotoa taarifa.

Jioni, kwenye mwendo wa kurudi, shemeji kwa wema wake akasema, "Mwakani ni zamu yenu. Mje kwetu." Gari zima likapiga makofi. Mdogo wangu akafungua simu, kwa bando langu, akaanza kunisomea utaratibu.

Viza ni euro 90, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe na uwezo wa kulipa matibabu ya euro 30,000; kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 80, yaani wanataka nikiugua huko niwe na thamani ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa mzima. Taarifa za benki. Barua ya mwajiri. Na kama fedha zangu hazitoshi, yeye mdogo wangu anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake, amebeba hati za mshahara, akatia saini ahadi kwamba atalipa chakula changu, malazi yangu, matibabu yangu, na hata gharama za kunirudisha Kitai nikigoma kuondoka. Serikali ikigharamika kwa ajili yangu, inamdai yeye.

Halafu kuna lile la ushahidi kwamba nitarudi. Nina shamba la mahindi, migomba, nguruwe jike mwenye mimba, mama, na deni la VICOBA. Mdogo wangu alisema deni tusilitaje. Nikamwambia hilo ndilo ushahidi wenyewe: hakuna mtu aliyewahi kumtoroka katibu wa kikundi chetu akafika mbali.

Msinielewe vibaya, kila mtu ana haki ya kuuliza anayebisha hodi. Ninachouliza ni kwa nini maswali yanapita upande mmoja tu wa barabara. Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 hakuna mzee wa Kingoni aliyewaomba ushahidi kwamba watarudi kwao, na kweli hawakurudi. Wamejenga abasia, wamejenga hospitali, wako palepale. Mdogo wangu amejaza fomu yake akiwa amekaa kwenye kochi, akapata viza, na fomu ya udhamini wake hakuna aliyeniletea nitie saini. Lakini mdhamini alikuwepo. Rangi, magodoro, kuku, sukari, Luku, bando, Noah, mbasa. Kule mwenyeji anatia saini, na hadaiwi gharama za mgeni mpaka litokee la kutokea. Huku mwenyeji analipa kila kitu bila kutia saini popote.

Kibaya zaidi, sifa hazikuja kwangu. Mdogo wangu aliporudi aliweka picha mtandaoni: yuko katikati, sisi tumemzunguka, amevaa kofia ya majani, na chini yake maneno ya shukrani kwa Mungu aliyemjalia kurudi nyumbani kuisaidia familia. Alituachia bahasha ya euro, na moyo wake ninaujua, hakuwa anatania. Bahasha hiyo mama aliipokea, akaipeleka moja kwa moja kwenye ujenzi wa kigango kama shukrani ya mtoto kufika salama. Sina ubishi na Mungu. Lakini kijiji kiliona bahasha inaingia nyumbani kwangu, hakikuiona ikitoka.

Tangu hapo kadi za michango zinanifuata mpaka shambani. Zamani kamati za harusi zilinipangia elfu ishirini na kunionea huruma. Sasa hivi naandikiwa laki, na mwenyekiti akiileta kadi anaongeza kwa sauti ya chini, "Tunajua kwako si tatizo." Msiba ukitokea, natafutwa kabla ya sanduku. Vijana wa timu ya mpira waliniteua mlezi wakati sikuwepo kikaoni, nikaletewa orodha ya jezi. Nikisema sina, wanacheka; wanasema wenye nazo ndivyo wanavyosema. Kile choo cheupe kinatumika kama kielelezo cha ushahidi dhidi yangu.

Kwa hiyo nimeamua kutunga hati ya udhamini ya Kitai, na natoa rasimu hapa ili wenyeji wenzangu wa Mbinga, Nyasa na popote penye ndugu wa ughaibuni waichangie.

Kifungu cha kwanza: mgeni atakuja na fedha zinazoonekana kwa macho. Kadi itabaki pasipotini.

Kifungu cha pili: mgeni atakuwa na bando lake na atanunua Luku yake, na katuni zitatazamwa usiku wa manane wakati bando ni rahisi.

Kifungu cha tatu: mgeni ataeleza kwa maandishi, kabla ya safari, anakula nini, saa ngapi, na anakwenda haja kwa mkao gani. Ujenzi hautaanza kabla ya barua hiyo.

Kifungu cha nne: wageni wa mgeni watahudumiwa na mgeni. Kila jogoo wa zawadi atakuja na wajukuu wasiozidi wawili.

Kifungu cha tano: picha yoyote itakayowekwa mtandaoni itataja aliyelipa mafuta ya gari.

Kifungu cha sita: mgeni akishaondoka, kamati zote zitamrudisha mwenyeji kwenye kiwango chake cha elfu ishirini, na umaskini wake utaheshimiwa kama zamani.

Kifungu cha saba: mgeni ataonyesha ushahidi kwamba ataondoka, ikiwemo tarehe.

Nilimsomea mama rasimu yote. Alisikiliza vifungu sita akipepeta maharage, hakuinua hata kichwa. Cha saba kikamfanya aweke ungo chini. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba yeye anataka yule mtoto aondoke. Akasema kama ni ushahidi, nimwombe ushahidi kwamba atarudi huku kabla yeye hajafa, na akitoa huo nisimuulize habari za nyanya. Nikamweleza kwamba hilo litahitaji nyumba kuongezwa chumba. Akasema nyumba ni yake, na VICOBA nakijua kilipo.

Rasimu imekwama hapo. Baba mkubwa ameitisha kikao cha ukoo kuijadili, Jumapili hii baada ya misa, nyumbani kwangu kama kawaida. Ajenda ni moja tu, na tangazo nimelibandika mwenyewe mlangoni: chai ipo, maji ya moto yapo, sukari kila mjumbe aje na yake.